Vivuli vya Desemba

Kivuli cha Ndeshi kilikuwa kimemtangulia mwenyewe kwa miaka kumi na moja, na kilikuwa kimevimba miguu. Kilionekana ukutani, kwenye kioo kirefu cha chumba namba tatu cha Kituo cha Afya Orimba: mwanamke wa miaka arobaini na mitano, ngozi imepauka, mkono ameulaza kwenye kiti cha kusafishia damu na mirija miwili imemwingia. Ndeshi mwenyewe, mwenye miaka thelathini na minne na mabega ya mtu anayechomelea vyuma kila siku, alisimama mbele yake amekunja mikono.

"Shikamoo, dada," alikiambia.

Kivuli hakikuitikia. Vivuli havikupewa sauti. Waliovitengeneza waliona picha peke yake inatosha kumkata mtu maini.

Daktari Apaikunda nusura acheke, akajizuia. Sheria ilimtaka amwonyeshe kila mtu mwisho wa kivuli chake kabla ya kumweleza neno lolote. Kwa miaka sita, tangu vivuli viletwe kwenye tarafa hii ya mlimani, alishaona watu wakizimia, wakisali, na mmoja akikirushia kioo kiatu. Wa kukisalimia kivuli chake alikuwa huyu wa kwanza.

"Hivyo ndivyo utakavyokuwa ukimpa Kundaeli figo," alisema.

"Nisipompa?"

"Usipompa, unafika sitini na tano bila kiti."

Asubuhi hiyo hiyo Apaikunda alikuwa amekitoa kivuli figo ya kushoto, akanywa chai akikisubiri kizeeke. Ndiyo faida yake. Unachukua damu ya mtu, uzito, presha na mkojo wake, unailisha mashine, nayo inaotesha mwili wa pili wa hesabu tupu na kuuacha uishi mbio, miaka thelathini kwa saa moja. Dawa unakipa kivuli kwanza. Kikitapika, mwenye mwili anaponea.

"Tazama namba zako za uchujaji," Daktari alisema. "Mwaka juzi hamsini na nane. Mwaka jana hamsini na nne, tukakupa kadi ya njano ya tahadhari. Safari hii hamsini na moja. Mtu wa umri wako anatakiwa awe kwenye tisini. Chini ya sitini kwa zaidi ya miezi mitatu tunaita ugonjwa sugu wa figo, na wewe una miaka miwili."

"Chumvi nimeacha. Na sijawahi kuumwa hata kichwa."

"Ugonjwa wenyewe ndio ulivyo, hauna kelele. Mdogo wako naye hakuumwa kichwa, mpaka siku miguu ilipokataa kuingia kwenye viatu."

Hapo Ndeshi akakunjua mikono. Kundaeli alikuwa mdogo wake wa pekee. Baba yao alishafariki, na mama alikuwa na kisukari, kwa hiyo hakuruhusiwa kumpa figo. Katika ukoo mzima damu iliyokubaliana na ya Kundaeli ilikuwa ya huyu dada aliyesafiri siku mbili kutoka Ziwa Rukwa, alikokuwa akiunga vyuma vya mashamba ya umeme wa jua yanayoelea majini.

"Daktari, sahihi yako inaweza kukipita hiki kivuli?"

"Inaweza. Inaitwa sahihi ya kuachilia."

"Basi weka. Nimekuja kwa miguu yangu, hakuna aliyeniburuza."

"Siwezi, mwanangu. Nitakuwa nimemtoa mtu mmoja kwenye kiti na kukalisha mwingine."

Ndeshi alichukua kofia yake mezani. Mlangoni akageuka, akakitazama tena kivuli, kisha akamtazama Daktari kwa muda mrefu zaidi. Akatoka. Apaikunda alibaki na karatasi ya vipimo mkononi, na kitu kimoja kikawa kinamkera: mkojo wa yule dada ulikuwa safi, bila hata chembe ya protini, na presha yake ilikuwa ya msichana. Figo zinazokufa kwa kawaida huvujisha. Lakini kivuli kilikuwa kimeona vyote hivyo, kikasema lake, na tangu lini yeye akajua hesabu kuliko kivuli?

*

Kundaeli alisafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa saa nne kila mara, akisahihisha madaftari ya fizikia ya wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Mishipa ya mikono yote miwili ilikuwa imeziba, sasa bomba lilipitia shingoni, na bomba la shingoni ni mlango wa vijidudu. Mara mbili tangu Septemba lilimletea homa ya kumtetemesha kitanda.

"Potasiamu yako imepanda," Daktari alimwambia Jumatano hiyo. "Umekula nini?"

"Ndizi."

"Kunda!"

"Daktari, hapa ni Orimba. Ukiniondolea ndizi nitabaki nakula hewa." Akacheka, meno meupe katika uso uliopauka. "Mama anazichemsha mara mbili, anamwaga maji yote mawili. Zinatoka hazina ladha wala harufu, ila nazila kwa heshima yake."

Apaikunda alimpandishia dawa ya kufunga potasiamu na kulikagua lile bomba. Lilikuwa limeanza wekundu pembeni. Madaktari bingwa wa kupandikiza walikuwa wakija mjini mara tatu tu kwa mwaka; zamu hii ilikuwa Januari tisa, inayofuata Mei. Aliutazama ule wekundu na kuona kwamba Mei ni mbali mno.

"Dada amenieleza," Kundaeli alisema bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Atarudi kukubembeleza. Ana kichwa kigumu, atakuletea mpaka mchungaji. Usimsainie."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Kiti hiki nakifahamu. Sitaki nitembee mjini na figo yake huku yeye amekaa hapa nilipokaa." Akapiga alama ya vema kwenye jibu la mwanafunzi, kisha akaifuta, akapiga kosa. "Nisingeweza hata kumtazama."

Daktari alitoka nje akasimama kwenye kibaraza. Juu, kilele cha Kibo kilikuwa jiwe tupu, kama kilivyokuwa tangu theluji ya mwisho iishe. Alikuwa na miaka arobaini na minane na ishirini ya kazi, na kwa mara ya kwanza aliichukia mashine ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba.

*

Ndeshi alirudi Alhamisi, kama ilivyotabiriwa, ila badala ya mchungaji alikuja na chupa ya chai ya lita tatu.

"Shangazi amewatumia," alisema, akaitua mezani. "Amesema Daktari akishiba moyo wake utalainika."

Ndani hamkuwa na chai. Ilikuwa kisusio, ile supu nzito ya mbuzi iliyotiwa damu, bado inafuka. Sista Foibe, muuguzi wa zamu, alikuwa ameshatoa vikombe kabla kifuniko hakijafunguka vizuri.

"Hiki changu cha nne wiki hii," alisema, akipuliza. "Jumatatu kwa Mushi, Jumanne kwa wakwe, jana mbuzi mzima nyumbani. Desemba haina pa kukimbilia."

Kweli haikuwa napo. Kila mwisho wa mwaka watu wa Orimba waliotawanyika nchi nzima na nje walirudi mlimani, kila boma likachinja, na kila nyama ikawa na mwenyewe: kidari cha fulani, mbavu za fulani, mguu wa shangazi. Kukataa fungu lako ilikuwa kumwambia mtu kuwa si ndugu yako. Wiki mbili nzima asubuhi supu, mchana choma, jioni kiporo cha choma.

Apaikunda alipeleka kikombe mdomoni, akakishusha.

"Ndeshi, ulifika lini?"

"Tarehe ishirini."

"Na nyama umeanza kula lini?"

"Tarehe ishirini." Ndeshi akamshangaa. "Wananilisha kama ng'ombe wa mnada. Leo nimeamkia supu mbili, ya mama na ya shangazi, nisingemaliza ningetafutiwa kikao."

"Na kule ziwani unakula nini?"

"Ugali, maharage na dagaa. Nyama kule ni hadithi."

Kikombe kilitua mezani kwa kishindo, supu ikamwagikia fomu. Daktari alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi.

"Foibe, nitoe damu. Kisha nikutoe wewe."

"Kuna nini?"

"Nitoe kwanza!"

Namba ambayo kivuli kiliishi nayo ilitokana na kreatinini, taka inayozalishwa na misuli na kutolewa na figo. Ikijaa kwenye damu, mashine inaelewa kwamba figo zimechoka kuitoa. Hesabu nzuri, ina miaka mingi. Lakini misuli ni misuli, iwe ya mtu au ya mbuzi, na nyama iliyopikwa inaingia tumboni na kreatinini yake tayari imeiva. Kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa hilo mwaka wa tatu, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau. Waliotengeneza vivuli walipima watu wa kawaida waliokula kawaida. Haikumjia yeyote kwamba kuna mlima ambao wakazi wake wote hula nyama siku kumi na nne mfululizo, kisha wakarudi kwenye maharage.

Majibu yalitoka baada ya dakika ishirini. Namba ya Apaikunda, iliyokuwa tisini na saba mwezi Julai, ilikuwa sitini na nane. Ya Foibe, themanini na nane ya Oktoba, ilikuwa sitini na moja.

"Mungu wangu, ninakufa," alisema Foibe.

"Hufi, umeshiba!" Daktari alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Ndeshi, asiyejua kinachochekesha, akacheka naye kwa kumwonea huruma.

Kicheko kiliisha ghafla. Apaikunda na Foibe waliishi hapa, damu zao zilipimwa miezi tofauti. Ndeshi alipimwa hapa tu, kwa sababu sheria ilikataza kivuli kimoja kulishwa vituo viwili, na hapa alikuwepo Desemba tu. Vipimo vyake vitatu vyote vilikuwa vya wiki moja ile ile ya mwaka. Miaka miwili ya ugonjwa sugu ilikuwa miaka miwili ya mbuzi, na misuli ya mikono ile ya kuchomelea ikaongezea yake.

Na nani aliyeamua kambi ya kupima iwe Desemba? Apaikunda. Lilikuwa wazo lake, wote wako nyumbani, kwa nini tusiwapime? Alipewa cheti kwa wazo hilo, nacho kinaning'inia ukutani nyuma yake sasa hivi. Na swali la zamani la kwenye fomu, "Jana ulikula nini?", ni yeye aliyelifuta ili foleni iende haraka. Alijiona mjinga, na alijiona mwenye bahati kuliko daktari yeyote nchini, vyote kwa wakati mmoja.

*

"Siku tatu bila nyama," alimwagiza Ndeshi. "Wala supu. Wala kulamba kidole."

Siku tatu hizo zilimtesa Ndeshi kuliko sindano. Mama alimwelewa. Shangazi aliuliza kama ameokokea dhehebu jipya huko ziwani, na mjomba mmoja, mguu wake wa mbuzi uliporudishwa kwenye sinia, alitoka nje akakaa peke yake mpaka alipobembelezwa.

Tarehe mbili Januari, saa mbili asubuhi, Daktari alimchoma dawa ya kufuatilia. Ni maji maangavu yale yale yanayotumika kwenye picha za mionzi; mwili hauyatumii kwa lolote, na njia yao ya kutoka ni moja tu, figo. Ukimtoa mtu damu saa baada ya saa, ukaona yanavyopungua, umezipima figo zenyewe, bila kumuuliza mbuzi. Kipimo cha kizamani, cha siku nzima, na tangu vivuli vije hakuna aliyekuwa na siku nzima.

Saa nne, damu. Saa sita, damu. Ndeshi alikaa benchi la ukumbini, akatengeneza bawaba ya mlango wa maabara iliyokuwa ikipiga kelele tangu Pasaka.

"Kama itatoka mbaya?" aliuliza saa nane, sindano ikiwa mkononi.

"Nitakwambia hivyo hivyo, na sitasaini."

"Na Kunda?"

Daktari aliandika saa kwenye kichupa cha damu. Wekundu wa shingoni ulikuwa umetanuka upana wa sarafu, na Kundaeli alikuwa ameanzishiwa dawa ya vijidudu ya mshipa asubuhi ile.

Sampuli ya mwisho ilitoka saa kumi. Kivuli hakikuwa na mahali pa kupokea kipimo cha aina hii, kwa hiyo Apaikunda alichora nukta kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, akapitisha mstari, akapiga hesabu. Akairudia. Akampa Foibe airudie.

"Tisini na tano," alisema Foibe.

"Mimi nimepata tisini na nne."

"Umekosea kujumlisha hapa."

Ndeshi alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliona nyuso zao. Alijifunika uso kwa viganja vyake vyenye makovu ya moto, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na Daktari akamkumbatia bila kujali nani anapita.

*

Ilibaki sahihi, na hapo ndipo Apaikunda alipokwama.

Fomu ya kuachilia ilikuwa na mstari mmoja wa sababu na majibu mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa "Hiari ya mtoaji". Hilo lilipita lenyewe ndani ya saa moja, hakuna aliyeuliza kitu. La pili lilikuwa "Kosa la kivuli". Hilo liliamsha kamati ya vivuli huko makao makuu, likafungua upya kila kivuli kilicholishwa siku zile zile, na daktari aliyeviandikisha akawekwa chini ya uchunguzi. Na sahihi ya daktari aliye chini ya uchunguzi ingeweza kusimamishwa. Ikisimamishwa kabla ya tarehe tisa, Ndeshi angerudi ziwani na figo zake mbili nzima, na mdogo wake angeingoja Mei.

Waliopewa kadi za njano kwa vipimo vya Desemba walikuwa mia moja arobaini na tatu.

Siku nane tu, alijiambia. Saini hiari leo, kosa litangaze tarehe kumi, baada ya upasuaji. Nani atadhurika kwa siku nane? Akalala na wazo hilo, na asubuhi likawa bado halijageuka kuwa zuri. Akaenda nyumbani kwa kina Kundaeli kwa miguu.

Aliwakuta ndugu wawili hao uani, mama amekwenda kanisani kwenye maombi ya asubuhi. Akawaeleza yote, pamoja na cheti chake ukutani na swali alilolifuta.

"Andika hiari," Ndeshi alisema papo hapo. "Si uongo. Hiari ninayo, imejaa mpaka hapa."

"Si uongo," Daktari alikubali.

"Basi tatizo liko wapi?"

Kundaeli alikuwa amejifunika blanketi juani. "Aminieli tunafundisha naye," alisema taratibu. "Mchumba wake ana kadi ya njano. Anafanya kazi Mtwara, huja Desemba tu, kama dada. Wazee wa Aminieli wamesema mke mgonjwa wa figo hatazaa salama. Wanakaa Jumapili kuvunja uchumba."

"Jumapili hii?"

"Lini tena? Wiki ijayo wote wameshaondoka."

Apaikunda alihisi uso ukimwaka. Ni hilo alilokuwa amelikwepa usiku kucha bila kulipa jina. Desemba watu hawakurudi kula tu. Mambo yote ya mwaka yalikatwa katika majuma hayo, nani aoe, nani apewe kihamba, lile shamba la urithi la baba, mtoto yupi aende na nani mjini, na waliokuwa wakikata walikuwa na kadi za njano mifukoni. Kufikia tarehe kumi mlima ungekuwa mtupu na maamuzi yamekwisha.

"Andika kosa," Kundaeli alisema.

"Wewe nyamaza!" Ndeshi aliruka. "Bomba lenyewe limeoza shingoni, unajifanya mkarimu! Mimi nimesafiri siku mbili, nimemnyima mjomba heshima, nimechomwa sindano mara tano, uje ufe kwa ajili ya mchumba wa Aminieli?"

"Sijasema nife, dada."

"Umesema nini basi?"

Kundaeli akashika ncha ya kitenge cha dada yake. Ndeshi alilia kwa hasira.

Daktari aliwatazama, na akajua kwamba hakustahili kuwaachia wao uzito huu hata kwa dakika moja. "Sikuja kuomba ruhusa," alisema. "Nimekuja kwa sababu kosa ni langu na hatari ni yenu, na nisingeweza kulifanya kwa siri. Ndeshi, mwanangu, nikatae nikiisha kuandika. Una haki hiyo."

Akafungua fomu kwenye simu yake, akagusa jibu la pili, akaweka jina lake kamili. Akaambatanisha ile karatasi ya miraba yenye nukta za penseli. Kisha akatuma. Ndeshi alimpa mgongo, na walikaa hivyo wote watatu mpaka mama aliporudi kutoka kanisani.

*

Kamati ilipiga simu kesho yake mchana. Ilikuwa sauti ya mama mmoja mwenye mafua.

"Kipimo cha kufuatilia ulikifanya kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Muuguzi wangu akahakiki, akanipata na kosa la kujumlisha."

"Tumeliona." Akapiga chafya. "Daktari, kambi yako ya Desemba imefungwa kuanzia leo. Uchunguzi Februari, utaitwa, na sikufichi, hautakuwa mwepesi. Kadi zote zifutwe na wote wapimwe upya bila nyama."

"Na sahihi yangu?"

Karatasi zikafunuliwa.

"Inabaki mpaka Februari. Aliyeleta kosa lake mwenyewe na kipimo chake mkononi, tukimfunga kalamu, nani ataleta tena? Mpeleke mgonjwa wako."

Apaikunda aliketi kwenye ngazi za kituo. Kisha akavaa viatu vya kutembelea, akaanza na nyumba ya mchumba wa Aminieli.

Si wote waliokuwa wazima. Katika sitini wa kwanza aliowarudia, kumi na mmoja walikuwa na ugonjwa kweli, mkojo wao ukivuja protini, na hao aliwaanzishia dawa za presha na kuketi nao mmoja mmoja. Arobaini na tisa waliobaki walipokea habari kila mtu kwa namna yake. Mchumba wa Aminieli alipiga kigelegele, akaamua kwanza atafakari kama bado anaitaka familia ile. Meku Eliawony, mzee wa miaka sabini aliyeishi mjini kwa mwanawe, alimsikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile pombe yangu ya mbege niliyoiacha miaka miwili," alisema, "niliiacha kwa ajili ya supu?"

"Ndiyo, meku. Nisamehe."

"Nitakusamehe Machi, nikishaifidia," alisema mzee, akaita aletewe kata ya mbege.

*

Tarehe tisa Apaikunda aliruhusiwa kusimama nyuma kabisa ya chumba cha upasuaji mjini, amejifunga barakoa. Aliona figo ya Ndeshi ikitolewa, imeoshwa mpaka imekuwa ya kijivu, ikilazwa ndani ya tumbo la mdogo wake, upande wa chini. Daktari bingwa alishona mishipa kwa nusu saa. Kisha akaachia vibanio.

Damu iliingia, na ile kijivu ikawa waridi kuanzia pembeni kwenda katikati. Wakangoja. Mrija mwembamba wa mkojo ulikuwa bado haujaunganishwa, umelala tu kwenye shashi, mkavu. Apaikunda alihesabu mpaka arobaini. Alipofika arobaini na mbili, mrija ulitikisika na kurusha maji ya manjano hewani, yakamlowesha daktari bingwa kifuani, na chumba kizima kikapiga makofi.

Ndeshi alizinduka saa kumi jioni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Imekojoa?"

"Imekojoa. Imemlowesha mtu."

Ndeshi akacheka, akashika kidonda, akaguna kwa maumivu, akaendelea kucheka. Kwenye kitanda cha pili, upande wa pili wa pazia lililovutwa, Kundaeli alikuwa macho. Kwa miezi kumi na nne hakuwa ametoa hata tone la mkojo. Sasa mfuko ulioning'inia ubavuni mwa kitanda chake ulikuwa umejaa nusu na ulikuwa ukiongezeka. Muuguzi alikuja kuumwaga, Kundaeli akamzuia kwa mkono, akaufunika mfuko kwa kiganja na kukaa hivyo.

"Mfuko una joto," alisema. Alikuwa analia bila kujificha. "Dada, una joto."